Nimehubiria Kwaya, Tena Yenye Majoho

Naona yule rafiki yangu wa stetasi ameshawamwagia habari, eti nilizimia nilipoona sindano. Uongo mtupu. Sindano sikuifikia hata. Subirini.

Kamati ya uchangiaji damu ilinikabidhi kipaza sauti baada ya ibada ya pili, nihamasishe watu. Wamarekani wana msemo wao wa "kuhubiria kwaya", yaani kutoka jasho kuwashawishi watu walioshawishika zamani. Wenzangu huusema tu. Mimi nimeutenda.

Waumini wengi walishakimbilia chai. Waliobaki mbele yangu ni wanakwaya, majoho yao mikono mirefu hadi viganjani. Nikajisemea, hawa ndio wagumu wenyewe. Nikawashukia! Uniti moja ni kama mililita 450 tu, mwili unazirudisha! Mwanaume anachangia kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4! Nikapiga meza. "Mnaogopa nini, ndugu zangu?" Kimya. Nikajua neno limewachoma, nikapandisha sauti. (Nyie wa besi mnaonifuata humu, mlikuwepo. Hata kunikonyeza?)

Ndipo mama mmoja wa sauti ya kwanza akaanza kupandisha mkono wa joho. Polepole. Kiganja kikatoka. Kifundo kikatoka. Mimi bado naongea, jamani, bado natoa takwimu. Akafika kwenye kiwiko: pamba na plasta. Jirani yake naye akapandisha. Plasta. Ikaenda hivyo wakipokezana kama wimbo, sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka besi wakamalizia kwa pamoja.

"Sisi tulitoa baada ya ibada ya kwanza, baba," mama akasema, kwa upole wa kuua mtu. "Na wewe ulishatoa?"

Kipaza sauti kilikuwa bado kinawaka. Nikajibu, "Ndiyo nilikuwa naelekea."

Kwaya nzima ikanisindikiza hadi kwenye hema. Wakiimba!

Uzito sawa, presha imepanda kidogo, muuguzi akanitoboa kidole kupima wingi wa damu. Yaliyofuata nimesimuliwa. Kwa hiyo rafiki yangu arekebishe stetasi yake: nilizimia kwenye tone moja la kidoleni, mfuko wa damu hata haujafunguliwa. Soda ya wachangiaji nilipewa, na nimeinywa.

Mwalimu wa kwaya ameniambia nirudi baada ya miezi 3. Nimemwomba aniandike kwenye ile ya 4.