Half Man Half Biscuit: walikosa kutoboa au walikataa wenyewe?

Kuna bendi ya Birkenhead, ule mji wa bandari unaotazamana na Liverpool ng'ambo ya mto Mersey, inaitwa Half Man Half Biscuit, na kila nikikuta watu wanabishana kama msanii ana haki ya kubaki mdogo kwa hiari yake huwa nawakumbuka hawa jamaa, maana milango waliyofunguliwa wakapita kando ni mingi mno.

Chukua ishu ya The Tube. Kilikuwa kipindi cha muziki cha Channel 4, kinaruka laivu Ijumaa jioni kutoka Newcastle, na katikati ya miaka ya 80 bendi changa ikitokea pale ndo imeshajulikana nchi nzima. Wakaitwa, wakakataa, sababu jioni hiyohiyo Tranmere Rovers walikuwa na mechi nyumbani. Na Tranmere siyo Liverpool wala Everton, ni timu ya Birkenhead ambayo wakati ule ilikuwa inahangaika daraja la nne. Inasimuliwa kwamba waliahidiwa mpaka helikopta ya kuwawahisha uwanjani wakimaliza kupiga, bado wakasema hapana. Wengi wanaisimulia kama kichekesho, wengine kama ushahidi kwamba hawakuwa siriasi. Mimi siko upande wowote kati ya hizo mbili, kwa sababu ukisikiliza nyimbo zenyewe unaona kwamba mechi ya Tranmere ndiyo malighafi yao, mwandishi wao ukimtoa pale uwanjani ukampeleka kwenye sofa za studio ataandika nini?

Albamu yao ya kwanza, Back in the DHSS, ilitoka 1985. DHSS ndo ilikuwa wizara inayolipa posho za wasio na kazi, na Uingereza ya Thatcher kipindi hicho ilikuwa na watu zaidi ya milioni 3 wasio na ajira, Merseyside, yaani eneo la Liverpool na Birkenhead, ikiwa imepigwa vibaya kweli. Nigel Blackwell, anayeandika mashairi, akaandika kile ambacho kijana asiye na kazi anakiona kuanzia asubuhi mpaka usiku: tivii ya mchana, marefa wa snuka, watangazaji wa michezo, mpira. Wimbo wao wa 1986 kuhusu jezi ya ugenini ya Dukla Prague, timu ya jeshi ya Czechoslovakia, unaanzia kwenye utoto, dogo ameenda kucheza kwa rafiki mwenye midoli ya bei mbaya, kila kitu kinaamuliwa na mwenye nyumba na wewe huna la kusema. Ni wimbo wa kuchekesha, lakini mtu aliyekulia kwenye nyumba isiyo na hela anausikia tofauti kabisa, na mashabiki wa Uingereza wakaanza kuisaka ile jezi kweli.

Albamu ikapanda mpaka kileleni kwenye chati ya lebo huru, yaani lebo ndogo zisizo chini ya kampuni kubwa za rekodi. Hapa watu wanaosema "walijitengenezea wenyewe" wanaruka kitu muhimu sana. Lebo yao ilikuwa Probe Plus, ya Geoff Davies, mwenye duka la rekodi la Probe pale Liverpool, na duka hilo lilikuwa ndani ya The Cartel, yaani mtandao wa maduka na wasambazaji kama Rough Trade wa London na Red Rhino wa York, waliogawana nchi, kila mmoja anasambaza eneo lake. Kwa hiyo rekodi iliyotengenezwa kwa hela kiduchu ilifika kwenye maduka ya nchi nzima bila kampuni kubwa kuigusa. Juu ya hapo kulikuwa na John Peel, mtangazaji wa BBC Radio 1, aliyekuwa anapiga muziki wa watu wasiojulikana usiku na nchi inasikiliza. Na ile posho, ndogo lakini ipo. Ukiwa na hivyo vitatu unaweza kukataa Channel 4 na kesho yake bado una bendi.

Sasa upande wa pili, na upande huu una hoja nzito. Mwishoni mwa 1986, jina likiwa juu kabisa, wakavunja bendi, sababu waliyoitoa ikiwa ni kwamba wanafanana mno kimuziki, utani kwa bendi zinazovunjika zikisema zimetofautiana kimuziki. Wakarudi 1990. Wakirudi mazingira siyo yale tena, Red Rhino ilishafilisika na usambazaji wa Rough Trade ukaanguka 1991. Halafu uandishi umejaa majina ya watu na vitu vya Uingereza, ukivuka bahari nusu ya utani unapotea. Na anayeandika anaweza kuridhika na shoo chache kwa mwaka, lakini mpiga ngoma je? Uamuzi wa kubaki mdogo mara nyingi anaufanya mmoja na wengine wanaulipia. Katika wale wa mwanzo waliobaki ni Blackwell na Neil Crossley tu, na ingawa bendi nyingi hubadilisha watu, hili siwezi kulipita kimya.

Lakini waangalie Bhundu Boys wa Zimbabwe. Mwaka uleule wa 1986, lebo huru ndogo, wanapigiwa debe na John Peel yuleyule na mtangazaji mwenzake wa Radio 1, Andy Kershaw. Wao wakaingia kila mlango uliofunguka, mwaka 1987 wakafungua shoo za Madonna uwanja wa Wembley, wakasaini kampuni kubwa ya WEA, na albamu iliyotoka huko ikasafishwa mpaka mashabiki wa mwanzo hawakuitambua jit yao, ule muziki wa dansi wa Zimbabwe. Kampuni ikawaacha. Biggie Tembo, mwimbaji wao mkuu, akatoka kwenye bendi, akafariki 1995, na wenzake kadhaa UKIMWI ukawamaliza. Ugonjwa haukuletwa na mkataba, hilo lazima lisemwe wazi, ila sauti yao ilipotea mikononi mwa watu waliotaka kuikuza, na hiyo ndiyo hatari ambayo Birkenhead waliikwepa.

Matokeo yake ni kwamba mwaka 2018 albamu mpya ya Half Man Half Biscuit iliingia 40 bora za Uingereza, zaidi ya miaka 30 baada ya ile ya kwanza, mwandishi yuleyule, bado anaandika mambo ya mtaani kwake. Geoff Davies alipostaafu wakatoa The Voltarol Years mwaka 2022 kwa lebo yao wenyewe, na mwaka uliofuata mzee akafariki.

Kwa hiyo The Tube nawatetea bila wasiwasi. Ninachoshindwa kuwatetea ni ile miaka minne ya 1986 mpaka 1990, kwa sababu sehemu kubwa ya kipindi hicho The Cartel ilikuwa bado imesimama, Peel yupo hewani, wasikilizaji wanasubiri, na hakuna kampuni kubwa iliyokuwa inawalazimisha kitu. Albamu mbili za kipindi kile wangezitoa bila kupoteza chochote walichokuwa wanakilinda, hata mechi moja ya Tranmere.