Pete ya mama yake Kabir

Kila nikisikia watu wanaizungumzia Zindagi Na Milegi Dobara, ile muvi ya Kihindi ya Zoya Akhtar ya 2011, Natasha anatajwa kwa neno moja tu: kisirani. Mchumba wa Kabir, mwenye wivu, simu haziishi, halafu anawafuata washkaji mpaka Hispania kuwaharibia safari. Mimi naona huyu dada ameonewa, na nimeirudia muvi mara kadhaa nikiwa na hilo kichwani.

Stori mnaijua, Kabir anakaribia kuoa, anaenda kuaga ubachela na Imran na Arjun, marafiki tangu shule, kila mmoja anachagua mchezo mmoja wa kutisha na wenzake hawaruhusiwi kukataa.

Upande wa Kabir, anayeishia kuona hataki ndoa hiyo, una hoja na siibezi. Uchumba ukivunjika watu wanaumia, ila ndoa ya kuingia kwa kuona aibu inaumiza zaidi, na bila ile safari na wale wawili pembeni yake sidhani kama angesema hataki kuoa, angefika siku ya harusi kanyamaza. Rafiki aliyekujua tangu mdogo anakusoma hata ukiwa unacheka. Hapo muvi iko sawa kabisa.

Ila ile pete jamani. Kabir aliinunua kwa ajili ya mama yake. Natasha anaiona, anadhani ndo anachumbiwa, anafurahi vile, na jamaa anashindwa kufungua mdomo. "Hii ni ya mama," basi, maneno matatu manne, aibu ya dakika tano yangeisha. Badala yake familia mbili zinakutana, watu wanapongezana, harusi inapangwa, na kila siku inayopita yale maneno yanazidi kuwa mazito kuyatamka. Sasa Natasha kakosa nini hapo? Anaandaa harusi na mtu anayetabasamu kwenye simu huku moyoni hayupo, na ukiwa na mtu wa hivyo unahisi tu kuna kitu, hujui ni nini, ndo maana anamwona Laila, yule mwalimu wa kuzamia waliyekutana naye Hispania, anadhani kashapata jibu. Kumshuku Laila alikosea, ila kuhisi alihisi sawasawa.

Kingine kinachoniuma ni baba yake Imran, yule mchoraji aliyemkimbia mama yake Imran, anapewa kipande kizima cha kujieleza, Naseeruddin Shah anayemwigiza anaongea taratibu na sisi tunamsikiliza. Natasha hapewi nafasi hiyo. Kabir anaweka ahadi Pamplona, mji wa Hispania wenye mbio za kukimbizwa na fahali, mbele ya washkaji zake, kabla fahali hawajaachiwa, kwamba akitoka hai anaenda kumwambia Natasha ukweli, kwa hiyo wawili wanajua kabla ya mwenyewe, halafu mazungumzo yenyewe hatuyaoni. Tunakuja kumwona kwenye harusi ya Arjun na Laila, majina yanapita kwenye skrini, yuko na mtu mwingine, anafurahi, ndo imetoka hiyo.

Kuna watakaosema muvi ni ya wale watatu, haiwezi kumbeba kila mtu, na ni kweli. Lakini hiyo hiyo ilimpa Arjun muda wa kulia baada ya kutoka kuzamia baharini, tukakaa naye kimya tukamwelewa. Mimi ningetoa hata zile nyanya zote wanazorushiana kwenye tamasha la Buñol nipate dakika mbili tu za Natasha akiivua pete, anamuuliza Kabir, kwa nini hukuniambia siku ile ile?