Sikiliza kengele, achana na maua ya mapokezi

Mama mkubwa alipopata kiharusi, upande wake wa kulia ulikataa kabisa. Hospitali ilimtuliza, kisha tukaambiwa kilichobaki ni uuguzi wa kila siku na utengamao, yaani mazoezi ya kumrudishia uwezo wake, na kazi ya kumtafutia makao ya kuuguzia ikaniangukia mimi. Nilizunguka sehemu tatu ndani ya juma moja. Ile iliyonipendeza kuliko zote ndiyo iliyotuumiza.

Ilikuwa na kila kitu cha kumlainisha mgeni: sakafu inayong'aa, maua mapokezini, chumba cha mazoezi chenye vifaa vipya, msimamizi wa sauti ya upole. Nilisifu hata ukimya wake. Sikuuliza saa nane usiku huwa anabaki nani. Wiki ya tatu mama mkubwa alikuwa na kidonda juu ya mfupa wa mkia, na kila niliyemuuliza alinijibu kwa neno moja: umri.

Umri hautoboi ngozi. Kidonda cha mgandamizo hutokea ngozi na nyama vinapobanwa kati ya mfupa na godoro kwa muda mrefu hadi damu ishindwe kupita. Mimi na wewe hujigeuza usingizini bila kujua. Aliyepooza anamngoja mtu aje amgeuze. Mazoea ya uuguzi kwa miaka mingi yamekuwa kila baada ya saa mbili, ingawa ratiba nzuri humwangalia mgonjwa mwenyewe, ngozi yake na godoro lake. Sisemi kila kidonda ni uzembe. Mtu anayekaribia mwisho wake ngozi inaweza kuachia hata akihudumiwa vizuri sana. Lakini mama mkubwa alikuwa anakula, anacheka, anauliza habari za wajukuu. Kwa mtu kama huyo kidonda kinasomeka kama saa ya ukutani: kinakuonyesha alilala muda gani bila mkono wa mtu kumgusa.

Nilipodai kuona fomu ya kumgeuza, nililetewa. Ilijazwa vizuri kabisa, kila saa mbili, sahihi juu ya sahihi. Tatizo ni kwamba ilikuwa saa sita mchana, na fomu ilishajazwa hadi saa kumi na mbili jioni.

Tangu siku ile, kabla ya kuuliza lolote kuhusu makao yoyote, nauliza hivi: mtu anasubiri kwa muda gani hapa? Kusubiri kugeuzwa, kupelekwa chooni, kupewa maji, kujibiwa kengele ya kuita msaada. Mengine yote nayapima baada ya hilo.

Avedis Donabedian, daktari aliyeacha alama kubwa katika fani hii, aliandika mwaka 1966 kwamba ubora wa huduma za afya hutazamwa kwa njia tatu: kilichopo, kinachofanyika, na matokeo yake kwa mgonjwa. Mgeni anayetembezwa huonyeshwa kilichopo tu, na hapo penyewe nusu yake, yaani majengo. Watumishi nao ni sehemu ya kilichopo, ila hawang'arishwi kwa ajili ya wageni.

Basi waulizie hao. Swali la "mna wauguzi wangapi?" halikusaidii, maana utahesabiwa hadi aliye likizo na msimamizi asiyewahi kumwinua mgonjwa. Uliza: jana usiku walikuwepo wangapi, kwa wakazi wangapi? Ripoti iliyopelekwa kwa Bunge la Marekani mwaka 2001 ilitaja saa 4.1 za uuguzi kwa kila mkazi kwa siku, wauguzi na wasaidizi wao pamoja, kuwa kiwango ambacho chini yake wakazi wa muda mrefu huanza kuathirika. Piga hesabu. Makao ya wakazi 60 yanahitaji saa 246, ambazo ni kama zamu 31 za saa nane ndani ya mchana na usiku. Ukiambiwa usiku wapo wawili, usijibu kitu. Rudi nyumbani ukafikiri.

Na tafadhali, hasira zisimwangukie yule msaidizi aliye karibu nawe. Mtu mmoja mwenye kengele saba zinazolia hana ubaya wa moyo, ana mikono miwili tu. Aliyepanga ratiba ya zamu ndiye wa kuulizwa, na mara nyingi hakai jengo hilo.

Yapo mataifa yanayotoa alama kwa umma. Marekani ilianza kuyapa makao nyota, moja hadi tano, mwaka 2008, kwa kuangalia ukaguzi, idadi ya watumishi na vipimo vya hali ya wakazi. Ni jambo jema, lakini sehemu ya vipimo hivyo hutokana na kumbukumbu ambazo makao yenyewe yameziandika, na mimi nimeshaona fomu zinavyoweza kuandikwa. Nyota chache ni sababu ya kutosha ya kukimbia. Nyota nyingi zinakupa ruhusa ya kwenda kuangalia, basi. Ripoti ya mkaguzi ikipatikana, isome yenyewe, uone kosa gani linajirudia kila mwaka.

Nenda jioni, tena mwishoni mwa juma, bila miadi. Kaa kwenye korido. Kengele ikilia, tazama saa yako. Ingia chumbani utafute glasi ya maji: iko upande gani? Nimeona glasi iliyojaa, safi, imefunikwa, imewekwa upande wa mkono uliopooza. Kwenye karatasi mgonjwa huyo amepewa maji. Sikiliza pia wanavyozungumza. Kuna mtumishi anayekuuliza wewe, "Huyu ameshakula?" na mwenye tumbo amekaa hapo hapo anakutazama. Na kuna anayeinama na kusema, "Mama, umeshiba?" Kwangu hiyo tofauti ina uzito kuliko vyeti vyote vya ukutani.

Harufu ya mkojo kila mtu anaijua. Marashi makali yasiyo na sababu nayo yanipa wasiwasi.

Ukimya ule nilioupenda ndio unaonisumbua zaidi nikiukumbuka. Wazee waliopotewa na kumbukumbu huwa na fujo zao: huita, huzunguka, hukataa kuoga. Korido nzima ikisinzia saa nne asubuhi, uliza dawa. Mwaka 2005 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba dawa mpya za magonjwa ya akili, zikitumiwa kutuliza wazee wenye dimensia, huongeza hatari ya kifo. Hata hivyo kidonge bado ni rahisi kuliko mtu wa kukaa na mzee.

Kuhusu utengamao, chumba cha mazoezi kisikudanganye. Mtaalamu wa viungo alikuwa anamsimamisha mama mkubwa asubuhi, hatua nne, hatua tano. Akirudi chumbani, akiomba kwenda chooni, anaambiwa, "Jisaidie tu, umevaa pampasi." Saa moja anafundishwa kusimama, saa ishirini na tatu anafundishwa kulala. Kipimo cha Barthel, kilichochapishwa mwaka 1965, huangalia mambo kumi ya kawaida, kama kula, kuvaa, kwenda haja, kuhama kutoka kitandani hadi kwenye kiti, kisha hutoa alama hadi 100. Omba alama ya siku ya kuingia, na ya leo. Makao yanayofanya kazi hiyo hayatababaika kukujibu.

Tulimhamisha. Makao ya pili yalikuwa jengo la zamani, rangi imebanduka dirishani, mapokezi ni meza na kiti. Siku niliyokwenda kuchungulia, mzee mmoja alibonyeza kengele. Msaidizi akatoa kichwa kwenye mlango wa jirani, glavu mkononi: "Nimekusikia, baba. Namalizia kumgeuza huyu, nakuja." Nilitazama saa. Dakika nne baadaye alikuwa anamshika mkono, wanakwenda chooni polepole, mzee akilalamika njia nzima kwamba amecheleweshwa.