Kifrisia sio lugha moja jamani

Jana mezani jamaa mmoja katoa kauli eti Kifrisia, kile kinachosemwa Uholanzi na Ujerumani, ni Kiholanzi cha wafugaji wa ng'ombe. Hilo nimeshalizoea. Kilichonichoma ni mwenzie aliyejitosa kukitetea, hapana bwana, Kifrisia ni lugha kamili, ina lahaja tatu, basi. Wote wakaitikia, wakaendelea kula.

Lahaja tatu za nini? Mtu wa Leeuwarden kule Uholanzi msichana anamwita famke. Vuka mpaka uingie Saterland, Ujerumani, ni Wucht. Panda kaskazini mpaka pwani ya Schleswig-Holstein unakuta foomen. Na sio neno moja, ni sentensi nzima nzima, wakutanishe hao watatu uone kama hawataishia kuomba Kijerumani au Kiingereza ndo waelewane. Sisi wenyewe Kingazija si kilihesabiwa lahaja ya Kiswahili, haya kaa na Wangazija wawili wanaopiga stori zao uone utaambulia nini.

Kinachoniuma hasa ni Saterland. Vijiji vichache, zamani vilizungukwa na kinamasi, mgeni alifika kwa mashua, ndo maana lugha yao ikabaki wakati majirani wa Ostfriesland wote walishahamia Kijerumani cha nyanda za chini. Ndugu yake wa mwisho, kile cha kisiwa cha Wangerooge, kilizimika 1950. Waliobaki Saterland ni kama watu 2,000 hivi. Sasa ukishasema lahaja, mtu anawahesabu wale laki nne na zaidi wa Uholanzi, wana shule, wana Biblia yao tangu 1943, anakwambia Kifrisia kizima kabisa hakiumwi. Kizima kwa nani? Bibi wa Ramsloh, kijiji cha Saterland, hawezi kuchukua kitabu cha Leeuwarden akamsomea mjukuu wake!

Haya, nakubali, mstari wenyewe haujanyooka. Hata hicho cha kaskazini tunachokihesabu kimoja, mtu wa kisiwa cha Sylt na wa bara wanapata tabu kuelewana, maana wazee wao walihamia mara mbili, karne tofauti. Ila Ujerumani ilivyoridhia mkataba wa Ulaya wa lugha za wachache, 1998, iliandika cha Kaskazini peke yake na cha Saterland peke yake.

Yule mtetezi nilimwandikia kwenye tishu lugha zote tatu kwa majina yao wenyewe: Frysk, Seeltersk, Nordfriisk. Akayasoma moja moja kwa sauti, la katikati akanirudishia, hili ndo la wapi?