Lirudishieni jiwe la Mirihi "huenda" yake

Septemba 2025 nilikuwa kwenye daladala ya Mbagala, redio imefunguliwa mpaka mwisho, mtangazaji akasema wanasayansi wa Marekani wamethibitisha kwamba Mirihi kulikuwa na uhai. Wamethibitisha! Mzee wa pembeni yangu akasema "Mungu ni mkubwa." Mama mwenye ndoo ya dagaa akauliza kama hao viumbe bado wapo. Niliumia kweli, maana habari ile nilikuwa nimeisoma usiku uliopita, na hakuna aliyethibitisha kitu.

Kilichopo ni jiwe. Perseverance, kigari cha shirika la anga la Marekani (NASA) kinachotembea Mirihi, kilikutana nalo Julai 2024 kwenye bonde kavu la Neretva Vallis, mto uliokuwa ukimwaga maji kwenye kreta ya Jezero mabilioni ya miaka iliyopita. Wakaliita Cheyava Falls. Ni tope la kale lililogeuka jiwe, rangi ya udongo mwekundu, limekatwa na mistari myeupe, na katikati ya mistari hiyo kuna vidoa vya milimita chache, ndani vyeupe, ukingoni vyeusi. Ngozi ya chui kabisa. Kwenye vidoa hivyo vipimo vikaonyesha dalili za madini mawili, vivianiti na greigiti. Hapa duniani madini hayo mara nyingi hutokea kwenye tope ambalo vijidudu vimekula mabaki yenye kaboni na, kwa kukosa oksijeni, vikapumulia chuma na salfeti. Na jiwe lile lina kaboni ya namna hiyo.

Lakini madini hayo hayo yanaweza kujitengeneza bila kiumbe chochote kuhusika. Njia mojawapo inataka joto kali, na jiwe halionyeshi kwamba liliwahi kuungua. Njia nyingine bado hazijafungwa. Ndiyo maana mwanasayansi Joel Hurowitz na wenzake, walipoandika kwenye jarida la Nature, walisema huenda. Neno hilo ndilo kazi yao yote. Zaidi ya mwaka mzima wamekaa wakijiuliza wapi wanaweza kuwa wamekosea, halafu sisi tunaliangusha njiani, tunapeleka "wamethibitisha" kwa mama wa dagaa. Tumemnyima haki yake. Alistahili kuambiwa kitendawili kama kilivyo, maana kitendawili chenyewe ni kitamu kuliko jibu la uongo.

Sawa, nakubali kwamba si watangazaji wetu peke yao. Mwaka 1996 Rais Clinton mwenyewe alisimama mbele ya kamera kuzungumzia jiwe la Mirihi lililookotwa Antaktika, ALH84001, na mpaka leo wanasayansi wengi hawajaridhika kwamba lina alama za uhai. Na zile picha za "uso" wa Mirihi mnazotumiana kwenye magrupu, ule uliopigwa na chombo cha Viking 1 mwaka 1976 ni kilima. Picha safi za 1998 na 2001 zilimaliza mjadala.

Jiwe lililonigusa mimi zaidi wala halikutangazwa kwenye daladala. Mei 30, 2024, kigari kingine, Curiosity, chenye karibu kilo 900, kilipita juu ya jiwe la kawaida kwenye bonde la Gediz Vallis na kulivunja. Ndani mkawa na fuwele za njano. Salfa tupu.

Nimekulia Newala, kwenye mikorosho. Msimu wa maua baba alikuwa anatoka na bomba la kupulizia unga wa salfa mgongoni kabla hakujapambazuka, upepo umetulia na umande bado uko kwenye majani, anarudi ana nyusi za njano. Ile rangi naijua. Ilikuwa inakaa kwenye kola ya shati lake hata baada ya kufua mara tatu. Sasa naiona kwenye picha iliyopigwa mamilioni ya kilomita kutoka hapa, imemwagika chini ya gurudumu, na watafiti wenyewe wanashangaa: salfeti, yaani chumvi za salfa, walishazizoea kule, lakini salfa tupu tumezoea kuikuta kwenye volkano na chemchemi za moto, na pale hakuna dalili ya vyote viwili. Na si jiwe moja. Kuna uwanja mzima wa mawe yanayofanana na lile.

Kipande cha Cheyava Falls kimeshakatwa, kinene kama chaki ya ubaoni, kimefungiwa kwenye mrija huko huko Mirihi. Kukileta maabara kumekwama: NASA ilisema 2024 kwamba mpango wao ungeweza kugharimu dola bilioni 11 na mzigo kufika mwaka 2040. Binti yangu yuko darasa la pili. Aliniuliza kama kule kuna wadudu, nikamwambia huenda walikuwepo. Akauliza, "Watajuaje?" Tukakaa nalo hilo mpaka chakula kikapoa.