Kibao cha shingoni hakifundishi Kiingereza

Kuna habari ya mtoto wa kidato cha kwanza nchini Tanzania aliyevishwa kibao shingoni, kama adhabu ya kuongea Kiswahili shuleni. Adhabu hiyo inamfunza kunyamaza tu. Ametoka kusoma miaka 7 kwa Kiswahili shule ya msingi ya serikali. Sasa biolojia yote ni Kiingereza. Akikatazwa kuuliza kwa lugha anayoijua, ananakili ubao na kukariri.

Kanuni ya lugha darasani ifuate kazi inayofanyika. Katika kipindi cha dakika 40, dakika 10 za mwanzo vikundi vya wanne vijadili kwa Kiswahili: kwa nini mmea uliofungiwa gizani hunyauka? Ndipo mwalimu aandike istilahi 5 au 6, safu ya Kiswahili na ya Kiingereza, usanisinuru (photosynthesis, yaani mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga) ukiwemo, na kila kikundi kitunge sentensi kamili za Kiingereza. Hapo Kiswahili kikome, maana mtihani utadai sentensi hizo hizo.

Ila mwalimu asitafsiri kila sentensi anayotamka! Wanafunzi huzoea kusubiri tafsiri, na Kiingereza kinapita masikioni bila kusikilizwa. Na vijijini, wanaozungumza Kisukuma nyumbani waachwe waanze mjadala kwa Kisukuma.