Kuandaa Chakula cha Kambini Mapema Si Kukipika Chote Nyumbani

Katika safari yangu ya kwanza ya kupiga kambi nilipika wali mwingi usiku wa kuamkia siku ya kuondoka, nikaufunika ungali moto ndani ya chombo kikubwa cha plastiki, nikaupakia garini nikiamini kwamba kazi ya jikoni nimeimaliza kwa siku mbili nzima. Jioni ile tuliula kwa furaha, jambo ambalo leo nisingethubutu kulifanya. Kesho yake asubuhi nilipofunua chombo, punje zilikuwa zimeshikana na kuteleza kidoleni, na kulikuwa na kiharufu cha uchachu ambacho hakikuhitaji mtu amwulize mwenziwe. Tuliufunga wote kwenye mfuko wa taka, tukashinda kwa mkate mkavu na chai.

Tangu siku hiyo nimekuwa na msimamo ambao wenzangu wa safari wanauona wa ukaidi kidogo: kuandaa mapema na kupika mapema ni mambo mawili tofauti, na mengi yanayoharibika kambini huharibika kwa sababu tumeyachanganya. Ukitazama kwa makini kinachochosha katika jiko la kambini, utaona kwamba si kupika. Kuinjika sufuria ya maji juu ya jiko la gesi na kusubiri yachemke ni starehe, hasa baada ya siku ya kutembea. Kinachochosha ni kumenya kitunguu kwa mwanga wa tochi iliyobanwa kwapani, kutafuta mahali palipo sawa pa kukatia nyama, kuosha kisu kwa maji yaliyobebwa kutoka mbali, kisha kukusanya maganda yote hayo kwenye mfuko ambao lazima urudi nao. Kwa hiyo kanuni yangu ni kwamba kila kazi inayodai maji mengi, meza au takataka ifanyike nyumbani, na kazi inayodai moto tu iachwe kambini.

Sababu ya pili ni ya usalama, nayo ni nzito kuliko ya uchovu. Bakteria wanaoharibu tumbo hustawi haraka kati ya nyuzi joto 4 na 60 za Selsiasi, na chakula kilichopikwa kikaachwa katika kiwango hicho kwa zaidi ya saa mbili hakifai tena kuaminiwa. Hewa ikizidi nyuzi 32, muda huo hupungua hadi saa moja. Wali ni mfano mbaya zaidi, kwa kuwa hubeba mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambazo haziuliwi na kuchemka kwa kawaida. Wali ukipoa taratibu, mbegu hizo huamka na bakteria wakaanza kutoa sumu, na mojawapo ya sumu hizo haiondoki hata ukiupasha wali moto mara ya pili. Yule anayesema "tutaupasha tu" hajui kwamba moto wake umechelewa. Mchele mkavu, kwa upande mwingine, unaweza kukaa mfukoni wiki nzima bila barafu, kwa sababu pasipo maji bakteria hawana pa kuanzia. Ndiyo maana nashangaa tunapochukua kitu kinachosafiri salama kikiwa kibichi, tukakipika, kisha tukaanza kuhangaika namna ya kukihifadhi.

Ninachofanya siku hizi ni kutengeneza mifuko ya mlo. Kila mlo una mfuko wake unaofungika vizuri, na ndani yake mna kila kikavu kinachohitajika: mchele au tambi kwa kipimo cha watu waliopo, chumvi, viungo vya unga, vipande vya vitunguu na karoti vilivyokaushwa. Juu ya mfuko naandika kwa kalamu ya wino usiofutika mambo mawili tu, yaani kiasi cha maji na muda wa kuchemsha. Hilo la pili linaonekana dogo hadi pale mpishi wa zamu anapokuwa mtu ambaye hajawahi kupika dengu maishani mwake. Dengu nyekundu zilizokobolewa, nikizitaja, ndizo nafaka jamii ya kunde ninazozipenda kuliko zote kwa kazi hii: hazihitaji kulowekwa, na katika dakika 15 au 20 huwa zimelainika na kuwa mchuzi mzito.

Maharagwe makavu ni habari nyingine kabisa, na sishauri mtu aende nayo. Yanataka kulowekwa usiku kucha, yanakula gesi, na maharagwe mekundu yana sumu ya asili inayoondoka tu yakichemka kwelikweli kwa dakika 10 au zaidi. Kuyaacha yakitokota kwa moto hafifu hakutoshi. Mlimani hali huwa ngumu zaidi, kwa kuwa kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka kwa joto la chini, na ukifika mita 3,000 huchemka kwenye nyuzi 90 hivi, hivyo sufuria inafoka vizuri machoni huku maharagwe yakibaki magumu. Anayeyapenda na achukue ya kopo, asisahau kifungulio. (Niliwahi kufungua kopo kwa jiwe na kisu. Kopo lilifunguka, na kisu hakikufaa tena kwa lolote.)

Nyama ndiyo ninayokubali kuishughulikia nusu nzima nyumbani. Naikata vipande vidogo, naichanganya na viungo na mafuta kidogo, naitia kwenye mfuko, nautandaza uwe bapa kama daftari, kisha nauweka kwenye friza siku mbili kabla ya safari. Umbo hilo bapa lina maana yake, kwani hugandika upesi, hupangika vizuri, na kambini huyeyuka sawasawa badala ya kuwa laini nje na jiwe katikati. Ndani ya sanduku la baridi mfuko huo unafanya kazi ya barafu mpaka usiku wa kwanza, ambao ndio usiku wa nyama. Siku ya tatu hatuna nyama, na sioni haja ya kubishana juu ya hilo. Nyama mbichi hukaa chini kabisa, ndani ya mifuko miwili, ili ikivuja isivujie matunda. Barafu yenyewe naigandisha ndani ya chupa kubwa za maji, kwa kuwa pande kubwa huyeyuka polepole kuliko vipande vidogo vya uzito uleule, na likishayeyuka ni maji ya kunywa, si dimbwi la kuelea mkate. Vinywaji vinawekwa kwenye sanduku lao peke yao, kwani hilo ndilo linalofunguliwa kila baada ya dakika tano, hasa pakiwa na watoto.

Kifungua kinywa hakinisumbui. Oti, maziwa ya unga na sukari kidogo vikichanganywa nyumbani huhitaji maji ya moto tu.

Vitafunio, hata hivyo, nadhani tunavidharau. Watu hupanga chakula cha usiku kwa mbwembwe, wakasahau kwamba njaa kali ya kambini haiji usiku. Huja saa kumi jioni, wakati hema halijasimama, kuni zimelowa, na kila mmoja anamwona mwenziwe hajui kufunga kamba. Mtu akitiwa mkononi konzi ya karanga saa hiyo, ugomvi wote unapungua. Karanga, korosho na mbegu za maboga zina faida ambayo mbeba mzigo anapaswa kuijali: gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9 hivi, ilhali gramu moja ya wanga au protini hutoa 4, kwa hiyo mfuko mdogo wa karanga unabeba nguvu nyingi kwa uzito mdogo. Nachanganya na zabibu kavu, naepuka chokoleti kwa sababu hugeuka tope, na sizidishi chumvi kwani kiu yake hulipwa kwa maji ya kubeba. Jambo ambalo ningelisisitiza ni kugawa mapema, mfuko mdogo kwa kila mtu kwa kila siku, maana mfuko mmoja mkubwa wa pamoja huisha siku ya kwanza na hajulikani aliyeumaliza. Na kabla ya yote, uliza kama katika msafara yuko asiyeweza kula karanga. Kwa baadhi ya watu ni suala la uhai.

Kwa asiyetaka kutafuna karanga tupu, kuna vipande vya oti visivyohitaji tanuri. Chukua vikombe viwili vya oti ulizozikaanga kavu mpaka zinukie, nusu kikombe cha siagi ya karanga na nusu kikombe cha asali. Pasha asali na siagi pamoja mpaka zilegee, changanya, kandamiza kwa nguvu kwenye sinia lililotandazwa karatasi ya kuokea, acha vipoe kwenye friji, kisha kata. Huko kukandamiza ndiko kunakoamua kila kitu, kwani mkono mlegevu huleta makombo. Asali, kama ijulikanavyo, haifai mtoto aliye chini ya mwaka mmoja.

Najua kuna wanaosema kwamba kambi bila kupika tangu mwanzo juu ya kuni si kambi. Siwapingi moja kwa moja, kwani nami humwachia moto mlo mmoja: viazi vilivyochemshwa nusu nyumbani asubuhi ya safari, vikakaushwa maji na kuingia kwenye sanduku la baridi, kisha usiku wa kwanza vikafukiwa kwenye makaa ndani ya karatasi ya alumini. Vikiwa vibichi kabisa, vinaungua ganda na kubaki vigumu ndani, na wenye njaa hawasubiri.

Mfuko wa mwisho ninaoufunga hauko kwenye ratiba ya mlo wowote. Una tambi nyembamba na kopo la samaki, na umewekwa kwa ajili ya mvua, gesi iliyokwisha kabla ya wakati, au gari lililokataa kuwaka. Mara nyingi hurudi nyumbani haujaguswa. Usiku huo wa kurudi, mahema yakiwa bado yanachuruzika maji barazani na hakuna anayetaka hata kusikia habari ya kumenya kitunguu, ndio tunaoula, tumesimama jikoni, kila mtu na uma wake, kutoka kwenye sufuria ileile.